Historia ya Mwenye Jembe

Mara nyingi darasani habari za Vita vya Maji Maji huanza na Gavana Götzen, ambaye serikali yake ilianzisha, mwaka 1902, kilimo cha pamba cha kulazimishwa chini ya majumbe. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake *Kinjeketile* iliyotolewa mwaka 1969, hakuanza hapo. Ameanza na wanawake wawili wanaozungumza habari ya njaa. Mwanzo huo ni ubora mkubwa wa kazi hiyo: twawajua kwanza waliobeba mzigo, ndipo tumjue aliyewatwika.

Hata hivyo tusiitwike tamthilia kazi isiyo yake. Mtungaji mwenyewe ameeleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, si yule Kinjikitile wa Ngarambe. Mwalimu anayeisomesha kama ushahidi huwanyima wanafunzi sanaa na historia kwa pamoja.

Ushahidi ulitafutwa vijijini. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda kuwahoji wazee waliovikumbuka vita hivyo. Wazee hao wamekwisha kufariki, lakini masimulizi yao yamo katika maandishi, na wajukuu wao wangalipo.

Tuchukue mfano wa Kisarawe. Kibasila wa Kisangire alinyongwa na Wajerumani, na shule ya sekondari mjini Dar es Salaam imepewa jina lake. Heshima hiyo yamstahili. Lakini je, ni nani aliyepalilia pamba huku nguruwe wakila mihogo yake? Ni nani aliyelea mayatima wakati wa njaa, ambayo iliua watu wengi kuliko risasi? Jina lililoandikwa langoni halijibu maswali hayo.

Kibaha nako ni vivyo hivyo. Husimuliwa kwamba kituo cha elimu kilianza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki. Ni kweli, ila wafadhili hawakufyeka pori wala kuchanganya zege peke yao. Wanafunzi wa hapo wana somo la historia mlangoni pao.

Basi na waende wakaulize, wakiwa na daftari. Wasidhani kwamba mkulima hakosei. Maneno yake na yalinganishwe na ya jirani yake, na ya nyaraka, kama tunavyoyapima maneno ya gavana. Kumsikiliza mnyonge bila kumpima ni kumhurumia tu. Historia yamdai heshima kubwa kuliko hiyo.