Kuisikiliza Tosca ya Mwaka 1953

Ukitafuta utamu wa sauti peke yake, rekodi ya opera ya Tosca iliyofanywa katika jumba la La Scala, Milano, mwezi Agosti 1953, haitakuridhisha. Sauti ya Maria Callas, anayeimba Tosca mwenyewe, haina ulaini wa hariri. Chini ni nzito, juu ina makali, na katikati kuna ukungu ambao wengine hawakuweza kuuvumilia kamwe. Mimi naiweka mbele ya zote nilizozisikia, na najua kwa nini.

Msikilize katika sehemu ya pili, mle katika Jumba la Farnese. Wimbo wa Vissi d'arte huimbwa na wengi kana kwamba mchezo umesimama ili wao wapigiwe makofi. Callas hausimamishi. Anauimba kama mtu anayemwuliza Mungu swali na kungoja jibu. Pumzi inavutwa pale ambapo mwanamke aliyekwisha kulia angeivuta, na ile noti ya juu inafika kwa sababu maneno yameisukuma. Baadaye, Scarpia, yule mkuu wa polisi, akiwa maiti sakafuni, Tosca anatamka kauli moja fupi, chini kabisa, karibu na usemaji wa kawaida. Mtayarishaji Walter Legge alisimulia kwamba kauli hiyo ilirudiwa kwa nusu saa nzima. Nusu saa, kwa maneno machache! Ndipo ninapouona ufundi.

Tito Gobbi, anayeimba Scarpia, naye alirudishwa tena na tena, hadi mara thelathini kwa simulizi iliyobaki, ili kila silabi ya sehemu ya kwanza ipate rangi yake. Baritoni wenye sauti nene kuliko yake wapo. Lakini yeye anatisha akiwa mpole: anamkaribisha Tosca kwa adabu, na adabu yenyewe inakusisimua mwili. Giuseppe di Stefano anaimba akiwa ameachia koo wazi mno, kasoro ambayo mwalimu yeyote angeikemea. Lakini Kiitaliano chake kinasikika neno kwa neno, na ujana wa Cavaradossi, mpenzi wa Tosca, umo ndani ya sauti yenyewe. Tenori huyohuyo aliiimba tena Tosca mjini Vienna mwaka 1962, chini ya Herbert von Karajan, na ukizisikiliza santuri hizo mbili kwa kufuatana utasikia miaka ilichomchukulia.

Santuri ya Vienna ni ya sterio, na kwa upana wa sauti inaishinda ya Milano waziwazi. Leontyne Price, anayeimba Tosca humo, pia ana sauti nzuri kuliko Callas. Sibishani na hilo. Rekodi ya 1953 ni ya mono: hakuna kushoto wala kulia, na wakati wa Te Deum kwaya, kengele na mizinga vinabanana hadi maikrofoni zinaelemewa. Lakini mono ina mbele na nyuma. Scarpia anapomhoji Cavaradossi, Tosca anasikika akiimba na kwaya kutoka ukumbi mwingine, hadi dirisha linapofungwa. Umbali ule unausikia barabara, na hofu ya chumba kile inazidi.

Sijamtaja bado anayewashika wote. Victor de Sabata anaiongoza okestra kwa namna ambayo hata kimya kina uzito. Anawasubiri waimbaji, kisha ghafla hawasubiri tena. Kazi ilipokwisha, alimwachia Legge kanda zote achague mwenyewe vipande vya kuunganisha, na afya yake haikumruhusu kurudi sana kazini baada ya mwaka ule. Mwaka 1964 Callas na Gobbi waliirekodi Tosca upya mjini Paris, kwa sterio, na Georges Prêtre akiongoza. Gobbi bado ni Scarpia yuleyule. Callas ana akili ileile na sauti inayotetereka. Lakini kinachopungua zaidi, kwa sikio langu, ni ule mkono wa de Sabata.