Tahakiki ya Istilahi: "Bustani ya Mvua" na "Mimea ya Asili"

Kijitabu kimoja cha kuwafunza wananchi namna ya kuutunza ua wa nyumba kimeletwa kwetu kabla ya kupigwa chapa, nasi tumeombwa kutoa maoni juu ya istilahi zake. Lugha yake kwa jumla ni nyofu. Istilahi mbili, hata hivyo, hazina budi kujadiliwa mbele ya wafasiri wote, kwa kuwa zitarudiwa katika tafsiri nyingine, na kwa kuwa kosa lililomo si la lugha peke yake.

Ya kwanza ni "bustani ya mvua". Jambo lenyewe lilianzia Marekani, katika Prince George's, jimbo la Maryland, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni kishimo kipana chenye kina cha sentimeta 15 hadi 20 hivi, kilichochimbwa mbali na msingi wa nyumba na kupandwa mimea yenye mizizi mirefu, ili maji ya paani yaingie humo na kuzama ardhini badala ya kukimbilia barabarani. Maji hayo si haba: paa la meta za mraba 100 likipata mvua ya milimita 30 humwaga lita 3,000. Sharti kubwa ni kwamba yazame katika muda wa siku moja au mbili. Yakikaa juma moja au mawili, mbu huwa amekwisha kukua na kuruka.

Mtu wa Temeke au wa Tanga akisoma "bustani ya mvua" ataelewa nini? Amezoea "kilimo cha mvua", yaani kisichomwagiliwa; basi atadhani ni mchicha wa masika. Hiyo "-a" unganifu haimsaidii, maana msimu wa mvua ni ule inaponyesha, na koti la mvua ni lile linaloizuia. Mfasiri mwenyewe ameuona upungufu huo, akaongeza katika ukurasa wa nne neno "kidimbwi" kuwa kisawe. Hapo ndipo penye hatari. Kidimbwi ni maji yaliyotuama. Mwenye nyumba mtiifu atachimba, atashindilia udongo ili maji yasipotee, na atakuwa amewafugia wanawe malaria kwa maelekezo ya kitabu.

Limetolewa pendekezo la kutumia "ngoro", neno la Wamatengo wa Mbinga. Neno ni zuri, lakini ngoro ni mfumo mzima wa kulima mteremkoni, pamoja na mashimo na matuta yake. Tukilihamishia uani tutakuwa tumewapokonya wenyewe. Sisi twapendelea "bustani ya kufyonza mvua". Imezidi kwa neno moja tu, na sharti limo ndani ya jina: isiyofyonza si yenyewe. Anayedhani kwamba istilahi ya maelezo haina hadhi ya kitaalamu na aitazame "fanya juu", mtaro wa Machakos ambao udongo wake hutupwa upande wa juu ili kujenga tuta. Wataalamu waandikao Kiingereza wameichukua kama ilivyo, wala hawakuona haya.

Ya pili ni "mimea ya asili". Twasema "mahindi ya asili" tukimaanisha mbegu isiyoboreshwa, ilhali mahindi yalitoka Amerika. "Kienyeji" nayo ni vivyo hivyo. Msomaji atapanda mwarobaini na mwembe, yote miti ya Asia, akiamini ametimiza agizo. Hata orodha ya kijitabu imeingia mtego huo: mlangilangi, mgeni kutoka Asia, umo, mkindu, ambao huota wenyewe penye unyevu na kutupatia ukindu wa mikeka, haumo.

Twashauri "mimea asilia", na kila mara patajwe mahali: asilia ya pwani, asilia ya Usambara. Ni kweli kwamba neno hilo limekwisha tumika katika "gesi asilia", lakini kutaja mahali kunaondoa utata. Saintpaulia, ua dogo lililotoka Usambara likaenea madirishani kote Ulaya, ni asilia ya Tanzania; kulipanda juani Dar es Salaam ni kuliua.

(Sentensi ya "panda maua katika ua" nayo irekebishwe, "uani" yatosha.)

"Usanifu wa mandhari" waweza kungoja kikao kijacho. "Kidimbwi" kiondolewe sasa, kabla kijitabu hakijapelekwa mtamboni.