Vitabu vya Fakhari Vilivyofungwa kwa Nailoni

Siku chache nilizokuwa mgeni London nilifikia kwa mtoto wa ndugu yangu. Ni kijana mpole, ana kazi yake na nyumba yake ndogo, wala sikumwona na tamaa ya dunia ila moja: hukusanya vitabu vikubwa vya bei ghali vinavyoeleza namna filamu mashuhuri za zamani zilivyotengenezwa. Baada ya chakula akanipeleka chumbani kunionyesha rafu yake. Nilichokiona zaidi ni masanduku. Nikanyoosha mkono nichukue mojawapo, naye akanizuia kwa adabu: "Ami, niwie radhi, hicho hakijafunguliwa. Nailoni yake ikichanwa, thamani inashuka."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Katika umri wangu nimeona vitabu vikiliwa na mchwa, vikirowa mvua, vikiazimwa visirudi. Lakini kitabu ambacho mwenyewe amekinunua kwa fedha nyingi kwa sharti asikisome, hilo lilikuwa geni kwangu. Nikamwomba basi anipe vile alivyokwisha kuvifungua, nikakaa navyo siku tatu. Haya ni maoni yangu juu ya vitabu hivyo, na juu ya kile ambacho sikuruhusiwa kukigusa.

Karibu vyote vyamhusu mtu mmoja, Stanley Kubrick, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1928, akahamia Uingereza na kufa huko mwezi wa Machi 1999. Filamu zake ndefu ni 13 tu katika umri mzima. Sababu ya uchache huo ni kwamba alikuwa mtu wa kutafiti kupita kiasi, tena asiyetupa karatasi. Alipokufa aliacha masanduku zaidi ya elfu moja yaliyojaa barua, picha na hesabu. Hata masanduku yenyewe hakuridhika na ya dukani; aliagiza ya kipimo chake, kifuniko kisibane wala kisilegee. Makabrasha hayo sasa yamehifadhiwa katika University of the Arts London, na tangu mwaka 2007 watafiti huenda kuyasoma. Kutoka katika hazina hiyo ndipo mchapishaji wa Kijerumani, Taschen, alipotoa vitabu vyake: kimoja cha jumla mwaka 2005, kisha cha Napoleon mwaka 2009, cha 2001: A Space Odyssey mwaka 2014, na cha The Shining mwaka 2023.

Nianze na hicho cha Napoleon, kwani ndicho kilichonifanya nisilale mapema. Ajabu yake ni kuwa chaeleza utengenezaji wa filamu ambayo haikutengenezwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Kubrick alitaka kuonyesha maisha yote ya yule mfalme wa Ufaransa. Akamtafuta Felix Markham, mwanachuoni wa Oxford aliyeandika juu ya Napoleon, na wanafunzi wa huko wakafanya kazi ya kuchambua vitabu na kuandika kadi: siku fulani Napoleon alikuwa wapi, na nani, akifanya nini. Zikakusanywa picha karibu 17,000 za zama zile, na picha nyingine kama 15,000 za mahali pa kupigia filamu. Alikusudia kukodi jeshi la Romania, askari wa miguu hadi 40,000 na wapanda farasi 10,000. Na kwa kuwa kuwashonea watu wote hao ni gharama isiyomkinika, akapanga wale wa mbali wavikwe sare za karatasi ngumu iliyopigwa chapa, ambazo kamera isingeweza kuzitambua kwa umbali ule. Mchezo wenyewe aliuandika akaumaliza mwaka 1969. Kisha wenye fedha wakaogopa. Mwaka 1970 ikatoka filamu ya mtu mwingine, Waterloo, ikapata hasara, na mlango ukafungwa.

Msomaji aweza kuuliza: ina faida gani kusoma juu ya kitu kilichoshindikana? Mimi naona faida yake ni kubwa kuliko ya kusoma juu ya kilichofaulu. Kazi iliyokamilika huficha taabu zake. Iliyoanguka njiani huziacha wazi, kama nyumba isiyopigwa lipu, ukaona kila jiwe lilivyowekwa. Tena kazi ile haikupotea. Elimu aliyoichuma Kubrick katika zama zile aliitumia kwa filamu nyingine, Barry Lyndon ya mwaka 1975, ambayo baadhi ya vyumba vyake viliangazwa kwa mishumaa tu, kwa lenzi za Zeiss zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya NASA. Aliyeiona filamu hiyo akastaajabia nuru yake, na akisome kitabu cha Napoleon. Atajua subira ile ilianzia wapi.

Ila umbo la kitabu ni jambo jingine. Toleo la kwanza, nakala 1,000 tu, ni kitabu kimoja kikubwa kilichochimbwa tumboni, na ndani ya shimo hilo mmepangwa vitabu vingine. Ni ufundi wa kupendeza kwa mara ya kwanza na wa kuchosha kwa mara ya tatu. Hukisomi kitandani wala kibarazani. Chataka meza ya peke yake na mikono iliyokauka. Na hili mkusanyaji hapendi kuambiwa: mwaka 2011 mchapishaji yule yule alitoa yaliyomo katika juzuu moja kwa bei ndogo sana kuliko ile ya kwanza. Basi aliyelipa bei ya juu hakulipia elimu, maana elimu aliiacha dukani kwa bei nafuu. Alilipia uchache wa nakala.

Wako watakaosema mara moja kuwa huu ni ufujaji wa mali na mazungumzo yaishe. Mimi siharakishi kusema hivyo. Mtu akinunua kitabu kizuri kwa mali yake ya halali, akakisoma, akawasomesha wenziwe, sina neno naye hata kikiwa na uzito wa gunia. Karatasi nzuri na jalada madhubuti ni heshima kwa kilichoandikwa. Ninachokihoji ni pale heshima inapohama ikaenda kwa jalada peke yake.

Tazama kitabu cha 2001. Toleo lake la fakhari, nakala 1,500, liliwekwa katika gamba la chuma lililofanana na lile bamba jeusi linalosimama katika filamu. Katika filamu bamba hilo halisemi kitu. Halina herufi hata moja, na watu hulizunguka wakishangaa. Sijui kama waliobuni gamba hilo walifikiri kwamba wanafananisha kitabu na kitu kisichosomeka. Nakala isiyofunguliwa imetimiza mfano huo barabara.

Na hasara ni kubwa, kwani ndani yake mna majina. Filamu ile ilipotoka mwaka 1968 ilipata tuzo moja ya Oscar, ya ufundi wa picha za ajabu, nayo akapewa Kubrick peke yake. Ndiyo Oscar pekee aliyoipata maishani mwake. Lakini vyombo vile vya angani havikuchorwa na mkono mmoja. Walikuwapo Harry Lange na Frederick Ordway, waliopata kufanya kazi NASA. Alikuwapo Douglas Trumbull, kijana wa miaka ishirini na kitu. Na nyuma yao mafundi wengi waliounganisha vipande vidogo vidogo kwa gundi usiku na mchana. Kitabu cha utengenezaji ndicho shahidi wao. Aliyenyimwa jina katika tuzo hulipata humo. Kwa sababu hiyo Piers Bizony, aliyekiandika, amefanya kazi njema, nami nitamsifu hata kama chuma kile sikipendi.

Isidhaniwe kuwa ushahidi huo wahitaji chuma. Mwaka 1970 Jerome Agel alikwisha kutoa kitabu juu ya filamu hiyo hiyo, kidogo cha kutia mfukoni, cha karatasi duni, chenye picha tele katikati. Kilichukuliwa na wanafunzi wakakisoma hata kikachanika. Na kabla yake, mwaka 1952, Lillian Ross alitoa kitabu kiitwacho Picture, juu ya John Huston na filamu ya vita aliyoitengeneza kwa kampuni ya MGM. Hakikuhitaji masanduku wala karatasi za fakhari. Alikaa na watu wale, akasikiliza, akaandika walivyosema. Na mwisho wake unaona wakubwa wa kampuni wakiikata filamu hata ikabaki dakika 69. Katika vyote nilivyovisoma juu ya kazi hii sijaona kilichosema kweli kuliko hicho. Kwani Ross hakuhitaji kumridhisha mtu, ilhali kitabu kinachotolewa kwa ridhaa ya warithi na kampuni hakiwezi kuwa huru kama yeye.

Hapo ndipo ninapokuwa na hamu na cha The Shining, ambacho sikukiona ila kwa nje. Kimekusanywa na Lee Unkrich pamoja na J. W. Rinzler, aliyefariki mwaka 2021 kabla hakijatoka. Kina kurasa zaidi ya 2,000, na toleo la kwanza, lilipotoka mwaka 2023, lilikuwa nakala 1,000 kwa dola 1,500 kila moja. Ningependa kujua kimemfanyia uadilifu gani Shelley Duvall, aliyecheza mke katika filamu hiyo. Bibi huyo, aliyefariki mwaka 2024, alipata kueleza kuwa kazi ile ilimtaka alie kutwa, siku nenda siku rudi, kwa miezi. Mwongozaji asifiwe kwa ustadi, sawa. Lakini machozi ya watu yameandikwa ukurasa gani? Kitabu chenye kurasa elfu mbili kitapimwa kwa hilo, si kwa sanduku lake.

Jambo moja lilinikera kweli, nalo limo katika kile cha jumla cha 2005. Humo mna sahani ya sauti yenye mahojiano ya Kubrick ya mwaka 1966, na hiyo ni hidaya nzuri, maana wamsikia mwenyewe akizungumza kwa utulivu. Lakini katika toleo la kwanza mlitiwa pia kipande cha filamu yenyewe ya 2001, picha 12, kilichokatwa kutoka nakala ya milimita 70 iliyokuwa katika hifadhi yake. Kijana wangu alikiinua kwenye taa anionyeshe, kwa furaha. Nami nikawaza: nakala nzima yaweza kuzungushwa watu wakaiona, vipande vya picha 12 haviwezi kuonyesha chochote. Imechinjwa ili kila mnunuzi apate kipande cha kuhifadhi.

Nilimwambia hivyo. Hakukasirika, alikirudisha kipande mahali pake, akakaa kimya kidogo, akasema kuwa hakuwahi kulifikiri. Akanieleza na upande wake, nami nautaja kwa haki: kwamba anaogopa kazi ikimtoka siku moja, vitabu hivi atavipata vya kuuza. Hiyo si hoja ya kudharau. Wazee wetu walinunua dhahabu kwa sababu hiyo hiyo. Lakini dhahabu haina maneno ndani yake.

Usiku wa mwisho kabla ya safari alileta kisu kidogo cha jikoni na lile sanduku la The Shining, akaviweka mezani mbele yangu. Akaligeuza sanduku mara mbili tatu. Kisha akasema tunywe chai kwanza.