Mwalimu Mvuvi na Mwanafunzi Wake

Kitabu cha Izaak Walton kiitwacho The Compleat Angler kilitoka London mwaka 1653, mwandishi akiwa na umri wa karibu miaka 60, na tangu hapo kimechapwa upya mara mamia. Wengi hukisifu kwa utulivu wake: mito, malisho, nyimbo na vyumba safi vya wageni. Mimi niliyetumia sehemu kubwa ya maisha yangu katika chuo cha ualimu nakiona kwanza kuwa kitabu cha mafunzo. Kwa hiyo naomba ruhusa ya msomaji nikipime kama nilivyokuwa nikimpima mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha, yaani kwa kukaa nyuma ya darasa na kutazama.

Habari yenyewe ni nyepesi. Mvuvi, mwindaji na mfuga vipanga wanakutana njiani, kaskazini ya London, na kila mmoja anasifu burudani yake. Mfuga vipanga anakwenda zake. Mwindaji anavutwa na maneno ya mvuvi, anaomba kuwa mwanafunzi wake, na kwa siku chache wanafuatana kandokando ya mto Lea. Hakuna ubao wala kengele. Somo linatolewa mahali kitu chenyewe kilipo, na jioni mwalimu na mwanafunzi hula meza moja. Hapo Walton anastahili alama za juu.

Tazama somo la kwanza. Kuna samaki wa huko aitwaye chabu, ambaye siku ya joto huelea karibu na uso wa maji. Mvuvi anajificha nyuma ya mti, anatunga panzi kwenye ndoana, na kumshusha taratibu mbele ya samaki aliyemchagua. Kabla ya kuanza anamwonyesha mwanafunzi chabu mmoja mwenye doa jeupe mkiani, anaahidi kuwa huyo ndiye atakayemtoa, na kweli anamtoa. Baadaye chabu mwingine anapewa mkamua maziwa na binti yake, nao wanawaimbia. Ni somo la mfano lililoandaliwa vizuri. Lakini mwanafunzi yuko wapi wakati huo? Ameambiwa akae kivulini atazame.

Hapo ndipo kasoro ya kitabu inapoanza. Sura baada ya sura, mvuvi anasema. Anaeleza habari za mikunga na samaki wengine, na kuleta maoni ya wazee wa kale, huku mwanafunzi akishukuru. Maswali yake mengi ni ya kumfungulia mwalimu mlango wa hotuba nyingine. Waliowahi kukagua madarasa wanamfahamu mwalimu wa namna hii. Anajua somo lake na anawapenda wanafunzi, ila kimya kinamtisha.

Uvuvi ninaoupenda mimi ni ndugu wa karibu wa somo lile la panzi, nao ndio ulionifanya nimuulize Walton maswali haya. Katika Ziwa Naivasha, Kenya, yumo samaki aitwaye besi, mwenye mdomo mpana, wa asili ya Amerika ya Kaskazini. Aliletwa huko mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Walton hakumjua. Besi huvizia kando ya majani ya maji, na alfajiri au jioni huweza kuvuliwa juu kabisa ya maji kwa chambo bandia cha kuelea, kilichotengenezwa kwa gome jepesi kama la vizibo vya chupa, au kwa manyoya. Chambo hakina uzito wa kurushwa peke yake. Mshipi mnene ndio unaokibeba, ukipepewa nyuma na mbele kwa ufito mrefu.

Kutupa kunafundishika kwa siku mbili tatu. Kazi ngumu huja baada ya chambo kutua. Viduara vinatanuka juu ya maji, na mvuvi hatakiwi kufanya lolote mpaka viishe. Kisha anakitikisa mara moja, kikatoa mlio mdogo, naye anangoja tena. Besi huenda yuko chini yake, anatazama, hajaamua. Anayevuta mara kwa mara kwa kuona hakuna kinachotokea humfukuza. Na samaki akiisha kupasua maji, mkono wenye pupa humnyang'anya chambo kabla hajafumba mdomo. Inabidi kwanza usikie uzito wake kwenye mshipi.

Walimu watakuwa wamekwisha kuelewa ninakokwenda. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alieleza aliyoyaona katika madarasa ya sayansi. Mwalimu akiuliza swali, alingoja kwa kawaida kama sekunde moja tu, kisha akarudia swali, akamwita mwingine au akajibu mwenyewe. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa wakinyamaza wakaanza kusema. Sekunde tatu ni muda mdogo mno, lakini mtoto anayefikiri polepole huupata ushiriki wake humo. Akinyimwa kila siku, hatimaye huacha kufikiri, maana anajua jibu litatolewa na mwingine.

Lazima nimtendee haki Walton. Kuna mahali mwanafunzi ameshika ufito mwenyewe, na samaki mkubwa anamkatia mshipi. Mwalimu anasema trauti mzuri amepotea. Mwanafunzi anakataa: hakuwa amempata bado, basi angempotezaje? Hilo ni jibu lake mwenyewe, hakuazima kwa mtu, na kwangu lina thamani kuliko kurasa nyingi za mwalimu wake. Walton aliliandika, kisha akamrudishia mvuvi nafasi ya kusema. Natamani angemwacha mwindaji huyu aendelee kidogo.

Kwa hiyo nashauri kitabu hiki kisomwe, hasa na walimu vijana na wastaafu wanaotafuta jambo la kuwatoa nje ya nyumba. Wasome somo la chabu polepole, wapitie haraka hotuba ndefu, na wasimame pale mshipi unapokatika. Wajifunze kwa Walton kumtoa mwanafunzi nje na kumwonyesha kitu chenyewe. Kungoja hatawafundisha. Hilo watajifunza kwa kushika ufito, au kwa kuuliza swali darasani na kufunga mdomo mpaka mtoto wa nyuma ainue mkono.