Utungaji wa Kuweka Kivuli

Uamuzi wa kupima utungaji wa mtoto wa shule ya msingi kwa kumpa sentensi zilizovurugwa na kumtaka azipange kwa herufi, utaratibu uliozoeleka katika karatasi ya Kiswahili ya mtihani wa darasa la saba nchini Tanzania na kukita mizizi zaidi tangu 2012, fomu za majibu zilipoanza kujazwa kwa kuweka kivuli na kusahihishwa kwa mashine, ni kosa la kiufundi. Madhara yake huonekana kwanza katika maandishi ya maelekezo, yaani matini zinazomwambia msomaji afanye nini, kwa vifaa gani, kwa mfuatano upi na kwa tahadhari zipi.

Mtahiniwa mjanja hasomi hatua hata moja, bali huwinda viunganishi: penye "kwanza" huweka A, penye "hatimaye" huweka herufi ya mwisho, na "baada ya hapo" huisukuma katikati. Sentensi zikiwa nne, akishapatia tatu ya nne hujipanga yenyewe. Hata anayekisia tu, ilimradi kila herufi aitumie mara moja, hupata kwa wastani alama moja. Mwishoni mwa yote hayo hajaandika kitenzi chochote. Hakuchagua kati ya amri ya moja kwa moja, "kata", na ile ya upole, "ukate". Hakujenga ukanushi wake, "usikate". Wala hakuamua msomaji awe na nini mkononi kabla ya kuanza. Aliyepimwa ni mpangaji wa kadi, lakini sehemu hiyo ya karatasi huitwa Utungaji.

Wilayani Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambako watoto wengi hukijia Kiswahili wakitokea Kihangaza, Kishubi, Kizinza au Kisukuma, kosa hili lina uzito wa pekee. Mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioivamia Kagera katikati ya miaka ya 2000, huenezwa pamoja na mengine na panga lililokata mgomba mgonjwa, na mkulima huelekezwa hivi: "Kabla ya kuhamia shina jingine, pitisha panga kwenye moto." Mfuatano wa maneno hapa unapingana na mfuatano wa matendo. Msomaji mchanga hukutana na kuhama kwanza, akahama kwanza, na panga likafika kwenye mgomba mzima likiwa na bakteria. Tatizo limo ndani ya sentensi moja, mahali ambapo zoezi la kupanga sentensi halifiki kamwe. Mwalimu anayempa mwanafunzi kijiti kiwe panga, akawasimamisha wenzake watatu wawe mashina, hulibaini mara moja, kisha humtaka mtoto aiandike sentensi upya ili tendo la kwanza litangulie: "Pitisha panga kwenye moto, kisha hamia shina jingine." Tahadhari za Marburg, ugonjwa uliotangazwa Biharamulo Januari 2025, zilidai usomaji wa namna hiyohiyo, kwa kuwa "usiguse kabla hujavaa glavu" ina ukanushi mara mbili na tendo la kwanza limewekwa mwisho.

Mtaala wa 2015 wa darasa la kwanza na la pili, uliotanguliza KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulikuwa sahihi. Hata hivyo, darasa la juu hutawaliwa na mtihani, na shule inayopimwa kwa ufaulu hufundisha kivuli.

Waliotangulia walielewa kwamba maelekezo hupimwa kwa kutenda. Mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza 1968 katika mikoa ya Ziwa, ukiwemo Ziwa Magharibi, ambao leo ndio Kagera, ulijenga vitabu vyake juu ya kazi za watu, na kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vilivyosikiliza redio, vikasoma kijitabu, kisha vikaenda kuchimba choo. Shimo lilionyesha kama maelekezo yameeleweka, na hakuna mashine iliyohitajika kulisoma.

Utetezi wa gharama, kwamba usahihishaji wa mkono ni mzigo, umekwisha nguvu tangu Hisabati iliporudishiwa maswali ambayo mtahiniwa huonyesha njia na msahihishaji akaifuata kwa macho. Maelekezo ya hatua nne, yaliyoandikwa na mtoto mwenyewe, hayazidi mistari sita.