Mbenga kwenye Daftari la Miraba

Kwanza ni daftari la miraba, lile lile wanafunzi wangu wanalochorea grafu. Kijana analilaza juu ya paja, penseli imebaki fupi hadi anaishika kwa kucha, na anamchora mbenga: mgongo, tumbo, mkia uliopasuka katikati, kisha yale meno yanayoonekana hata mdomo ukiwa umefungwa. Mgongo anaufuta mara tatu. Samaki aliyelazwa sokoni, anasema, ameshalegea. Mbenga wa sokoni amemwona mara nyingi, wa majini mara mbili tu, na anayemtaka ni yule wa majini.

Mchoro ukimridhisha hapigi picha. Anahesabu miraba.

Hapo ndipo ninapopewa kazi. "Mwalimu, nisomee," ananiambia, na ananikabidhi daftari huku akifungua simu. Ninasoma: kumi na mbili, arobaini, thelathini, ishirini na sita. Yeye anaandika namba hizo kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, ndani ya faili la maandishi matupu ambalo kivinjari kitaligeuza kuwa mchoro. Namba ya kwanza ni hatua za kwenda kulia. Ya pili ni hatua za kushuka. Kushuka, si kupanda, kwa sababu kwenye kioo cha simu sifuri hukaa juu kabisa, pembe ya kushoto, na ukienda chini namba inaongezeka. Mimi nafundisha hesabu, nikamwambia mhimili wake umesimama kichwa chini. Akacheka. Baadaye nikakumbuka kwamba mto Lualaba wenyewe una ukaidi huo huo: kwenye ramani unapanda kuelekea kaskazini, na sisi sote, kutoka Kindu kuja hapa Lokandu, tunasema tunashuka.

Ukurasa wake wa mtandaoni unahusu samaki wa mto huu. Hauuzi kitu. Ni michoro yake, jina la kila samaki kwa Kiswahili chetu na kwa lugha za wavuvi anaowauliza, mistari michache kuhusu wavu au ndoana inayomfaa, na mahali alipomwona. Kazi inayompa chakula ni kuchaji simu za watu kwa paneli ya jua na kuandika vibao vya maduka. Samaki ni mambo ya moyo wake. Nimekuwa nikija kumtazama akifanya kazi, na kila nikirudi nyumbani naona bado sijaelewa vizuri anavyofanya, ndiyo maana ninaandika.

Turudi kwenye mgongo. Mstari ulionyooka ni rahisi: namba mbili za mwanzo, namba mbili za mwisho, basi. Lakini samaki hana mahali palipochongwa kwa rula, isipokuwa pengine meno ya mbenga, ambayo kijana huyaandika kama mstari mmoja unaopanda na kushuka bila kunyanyua kalamu. Mgongo unataka kupinda. Kwa hilo kuna pointi ya tatu, isiyoonekana, inayokaa pembeni na kuuvuta mstari. Shika fito mbichi kwenye ncha zake mbili, kisha mwenzako aivute katikati kwa kidole: fito haitafika mahali kidole kinapoelekea, ila itapinda kuelekea huko. Pointi hiyo haipimwi kwenye daftari kwa sababu haimo kwenye mchoro. Inakisiwa. Anaandika namba, anafungua faili kwenye kivinjari cha simu, anatazama, anarudi, anaongeza mbili. Anatazama tena. Nilimhesabia: mgongo wa mbenga uliandikwa mara kumi na moja kabla hajasema neno. Alichosema ni "anaogelea."

Faili lile zima, na meno yake, lilikuwa na herufi zisizofika elfu moja. Picha ya samaki yule yule kwa kamera ya simu ingekuwa megabaiti tatu au nne, na kila herufi ya kawaida ni baiti moja, kwa hiyo fanya hesabu mwenyewe. Hapa si hesabu ya mchezo. Lokandu mtu hununua mega kama anavyonunua chumvi, kidogo kidogo, na kurasa nyingi za dunia leo zina uzito wa zaidi ya megabaiti mbili kila moja. Ukifungua moja, vocha imepungua kabla hujasoma kichwa cha habari. Kijana huyu anajua bei ya ukurasa wake kwa msomaji, kama mama wa sokoni anavyojua bei ya kopo la unga.

Ana mpaka aliojiwekea: ukurasa wa mwanzo usizidi kilobaiti kumi na nne. Mwanzoni nilidhani ameitoa namba hiyo hewani. Kumbe ina asili yake. Seva inapoanza kutuma ukurasa haimwagi kila kitu kwa mara moja. Kwa kawaida inatuma pakiti kama kumi, halafu inanyamaza kusubiri simu ijibu kwamba zimefika, ndipo inaendelea. Pakiti kumi hizo zinabeba takriban kilobaiti kumi na nne. Ukurasa unaoenea humo unafika kwa safari moja. Mahali penye mtandao mzuri hakuna anayeona tofauti. Hapa, ambapo mtandao unakuja na kuondoka kama mtu mwenye deni, safari ya pili huenda isiwepo.

Jambo hilo la kutuma na kusubiri jibu si geni kwenye mto huu. Wazee wa bonde hili walitumiana habari kwa ngoma ya gogo, gogo lililotobolewa mwanya mrefu na kuachiwa midomo miwili, mmoja ukitoa sauti ya juu na mwingine ya chini. Chini zaidi ya mto, upande wa Kisangani, mmisionari Mwingereza John Carrington alikaa Yakusu miaka mingi akijifunza ngoma hiyo, na mwaka 1949 akatoa kitabu kuihusu. Alieleza kitu ambacho wapigaji walikijua tangu zamani: kwa kuwa ngoma hubeba toni tu, bila konsonanti wala irabu, neno fupi linapotea. Kwa Kilokele mwezi ni *songe* na kuku ni *koko*, na yote mawili ni sauti mbili za juu. Mpigaji hawezi kupiga neno peke yake. Analivisha fungu zima la maneno, maelezo ya kimapokeo yanayomtofautisha mwezi na kuku, ili aliye mbali asikosee. Hata watu walikuwa na majina yao ya ngoma, marefu, yenye baba na ukoo ndani yake. Ilikuwa anwani yako. Ukiisikia usiku unajua unaitwa wewe.

Ngoma, basi, inarefusha ili ujumbe ufike, na kijana wangu anafupisha kwa ajili hiyo hiyo. Kwa muda mrefu niliona ni kinyume, hadi siku niliyomwona akifanya kitu ambacho ni ngoma tupu.

Nyuma ya kila mchoro kwenye ukurasa kuna nafasi ya maneno ambayo kwa kawaida hayaonekani. Picha ikishindwa kufika, maneno hayo ndiyo yanayotokea mahali pake. Na asiyeona, akitumia programu inayosoma kwa sauti, ndiyo atakayosikia. Watu wengi huiacha nafasi hiyo wazi, au huandika "picha". Yeye hapo ndipo anapotumia muda kuliko mahali pengine popote, na yeye ambaye anabania kila baiti, hapo habanii. Kwa mbenga aliandika kwamba ni samaki mrefu, kifua kipana, ametazama kushoto, meno yameshikana kama vidole vya mikono miwili. Akalifuta neno "kifua". Samaki ana kifua? Tulibishana hadi chai ikapoa. Mimi nilitaka neno la kitabu. Akaenda kumuuliza mama mmoja anayekausha samaki karibu na bandari, akarudi na neno "bega", kwa sababu mama yule anapompasua mbenga anasema anaanzia begani. Nilishindwa, nikafurahi kushindwa.

Kwenye faili la ukurasa kuna mistari mingine miwili mitatu ambayo msomaji haioni kabisa, na kati ya hiyo ninaupenda ule wa mwanzo, unaoiambia simu ukurasa huu ni wa lugha gani. Kiswahili kina alama yake ya herufi mbili, *sw*. Wengi wanaoandika Kiswahili hawaiweki. Wanaacha alama ya Kiingereza iliyokuja na kiolezo walichonakili, na simu inajitolea kutafsiri kitu ambacho haikukielewa. Kijana hakuridhika hata na *sw*. Aliandika *swc*, herufi tatu ambazo wataalamu wa viwango vya kimataifa wamezitengea Kiswahili cha Kongo, mbali na *swh* ya pwani. Sauti ya kusoma *swc* sijawahi kuikuta kwenye simu yoyote niliyoshika. Nikamuuliza faida yake. Akasema ukurasa ni wa nyumbani, kwa nini useme uongo mlangoni?

Kiswahili hiki kilifika Maniema na misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19, kikapita Nyangwe na Kasongo, kikabaki baada ya wenye misafara kuondoka. Lokandu penyewe wageni wa siku zile walipaita Riba-Riba. Majina huku hayakai. Nchi nzima ilikuwa Zaire, na anwani zake za kwanza za mtandao ziliishia na .zr, mwaka 1997 nchi ikabadilika jina, ikapewa .cd, na mwaka 2001 ile .zr ikafutwa kabisa. Yeye hana jina lake chini ya .cd, maana hulipiwa kila mwaka, na fedha hiyo ni betri. Anakaa kwenye anwani ya bure ya watu wengine. Hilo linamkosesha usingizi kidogo, na ana haki. GeoCities, iliyowapa mamilioni ya watu viwanja vya bure kuanzia miaka ya 1990, ilifungwa na Yahoo mwezi Oktoba 2009, na kama wahifadhi wa kujitolea wasingekimbilia kunakili walichoweza, kazi za watu wale zingezama zote.

Kwa hiyo ana nakala. Folda nzima ya ukurasa wake, kwa kuwa ni nyepesi, anaitunza kwenye kadi ya memori, na nyingine kwa dada yake Kindu. Tena kwa kuwa faili zake hazitegemei chochote cha nje, folda ile inafunguka bila mtandao wowote. Nimeshuhudia bandarini wavuvi wawili wakipeana ukurasa ule simu kwa simu, kwa Bluetooth, kama watu wanavyopeana nyimbo. Mmoja aliufungua palepale, mashua ikisubiri, akamtafuta kambale, akasema mkia umekosewa. Ulikuwa umekosewa kweli. Ulirekebishwa jioni ile, namba nne.

Ukurasa wa kwanza kabisa wa aina hii, ule wa Tim Berners-Lee wa CERN mwaka 1991, ulikuwa maandishi na viungo tu, na nakala yake bado inafunguka hata kwenye simu ya bei ndogo. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikauachia ufundi huo kwa watu wote bila malipo. Kijana nilipomwonyesha, hakuangalia yaliyoandikwa. Aliuliza una uzito gani. Kisha akatikisa kichwa taratibu, kama fundi seremala anayepitisha kiganja kwenye ubao wa mwenzake.

Sikubaliani naye katika kila kitu. Kichwa cha ukurasa wake ni cha kijani kikali kinachoumiza macho, na hataki kukibadilisha kwa sababu ndiyo rangi ya kwanza aliyojifunza kuiandika. Vilevile hataki kuweka cha kuhesabu wageni; mimi ningependa kujua wangapi wanapita. Anasema wanaopita wataonekana kwa masahihisho.

Juzi nilikuta ameongeza samaki mmoja chini kabisa, baada ya kapitene. Jina lilikuwapo, na maneno marefu kuliko ya mbenga: mwili mwembamba, pua iliyorefuka na kupinda chini, hujitokeza usiku maji yanapopungua. Mchoro haukuwapo. Nikadhani mtandao umenisaliti, nikafungua mara ya pili, halafu nikamuuliza. Alikuwa ameinamia simu ya mteja, akitafuta waya unaoingia.

"Huyo sijamwona bado, Mwalimu," akasema. "Nimeambiwa tu."