Hatamu Bila Farasi: Tathmini ya Istilahi za Upandaji Farasi

Wanaoshughulika na ukuzaji wa istilahi wamezoea malalamiko ya aina moja, nayo ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Katika makala haya tunakusudia kueleza tatizo la aina nyingine, ambalo husemwa kwa nadra ingawa ni zito zaidi. Neno laweza kuwapo, likawa linafahamika na kila mtu toka pwani hadi bara, na bado likashindwa kumfundisha mwanafunzi kazi inayohusika. Tena laweza hata kumfundisha kinyume. Mfano tuliouchagua ni msamiati wa upandaji farasi, hasa ule unaotakiwa na mwanafunzi wa chuo aliyekwisha kupita hatua za mwanzo.

Huenda msomaji akauliza: farasi wanatuhusu nini? Wanatuhusu kwa njia zaidi ya moja. Jeshi la Polisi la Tanzania lina kikosi cha farasi na mbwa. Nchini Kenya, polisi wa kuzuia wizi wa mifugo wametumia farasi katika nchi ambazo gari halipiti. Vyuo vya nje, kama kile cha Hartpury nchini Uingereza, hufundisha elimu ya farasi hadi kiwango cha shahada, na michezo ya farasi imo katika mashindano ya Olimpiki, ambayo habari zake husomwa kwa Kiswahili redioni na magazetini. Mfasiri hana hiari. Siku moja mada hii itawekwa mezani pake.

Ili kupima uzuri wa istilahi, tunapendekeza kipimo ambacho si cha pwani wala cha mjini. Tumchukue mwalimu wa Runazi, kata iliyo katika Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera, jirani na Ngara. Mwalimu huyo anajua Kiswahili sanifu, ana kamusi, na ana wanafunzi wenye akili. Farasi hana. Je, maneno tuliyo nayo yatampa picha iliyo sahihi?

Nchi isiyokuwa na farasi

Kutokuwako kwa farasi katika sehemu hizo si jambo la bahati. Mapori ya Biharamulo na Ngara tangu zamani ni makao ya mbung'o, ambaye huwaambukiza wanyama nagana na binadamu malale. Ilikuwa katika miaka ya 1890, huko Zululand, ambapo David Bruce alionyesha kwamba nagana husababishwa na vijidudu vya damu vinavyochukuliwa na mdudu huyo. Ng'ombe huugua na mara nyingine hudumu kwa miezi. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhoofika na kufa upesi. Tena yako maradhi mengine ya farasi yanayoenezwa na visubi, nayo huua vibaya katika nchi za joto. Mwaka 1871 Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili, na wote wawili walimfia Kingaru kabla hajafika milima ya Usagara. Yeye alipompasua mmoja wao alikuta minyoo tumboni, wala hakuona sababu ya kumlaumu mbung'o. Vyovyote iwavyo, farasi wa pwani hakuwa mnyama wa kufika bara.

Pwani mambo yalikuwa tofauti. Katika Unguja ya karne ya 19 farasi na punda wa Maskati walikuwa sehemu ya maisha ya jumba la Sultani. Salme binti Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 jinsi watoto wa jumba hilo walivyofundishwa kupanda wanyama tangu wakiwa wadogo. Kwa hiyo msamiati ulikuwapo na ulikuwa na kazi: *seruji* na *tandiko*, *lijamu*, *hatamu*, *kigwe*, *kikuku* cha kukanyagia, *saisi* wa kumtunza mnyama. Anayedai kwamba Kiswahili kilikuwa mtupu katika uwanja huu hajafungua kamusi.

Maneno yaliyosafiri peke yake

Basi farasi alibaki pwani, lakini maneno yake yakasafiri hadi Runazi. Yalipitia njia tatu.

Njia ya kwanza ni Biblia. Msomaji wa tafsiri ya mwaka 1952 hukutana na *lijamu* katika Waraka wa Yakobo, na hukutana na *lijamu* na *hatamu* pamoja katika Zaburi ya 32. Njia ya pili ni methali, kwani hakuna mwanafunzi asiyejua kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Njia ya tatu, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ni siasa. Mwaka 1975 Katiba ya Tanzania ilirekebishwa ili kutamka ukuu wa Chama, na usemi wa Chama kushika hatamu ukaingia katika kila mkutano, kila darasa na kila ofisi. Mfumo wa vyama vingi ulirudishwa mwaka 1992, lakini usemi umebaki. Hata leo tunasema kwamba mkurugenzi mpya ameshika hatamu za shirika.

Hapana ubaya wowote katika safari hiyo. Lugha hukua kwa tamathali, na neno lililopoteza mnyama wake halikuwa tupu. Lilipata mzigo mwingine. Lakini msanifu wa istilahi akumbuke kwamba mwanafunzi wa Runazi haanzi na ukurasa mweupe. Anapoambiwa "shika hatamu", tayari anajua maana yake: tawala, miliki, usimwachie mwingine.

Hapo ndipo neno linapomdanganya

Katika masomo ya juu ya upandaji farasi, jambo la kwanza analofundishwa mwanafunzi ni kuacha kutawala kwa mkono. Hatamu imefungwa kwenye lijamu, na lijamu ni chuma kilicholala juu ya ulimi na kwenye ufizi usio na meno, mahali penye maumivu ya upesi. Anayevuta kwa nguvu humfanya mnyama ainue kichwa, akaze mgongo, au akimbie zaidi ili kuyakwepa maumivu. Mpandaji hodari huongoza kwanza kwa mkao wake, yaani kwa uzito wa kiuno na mgongo, kisha kwa miguu inayogusa mbavu. Mkono huja mwisho, na kazi yake ni kupokea na kuachia. Mwalimu anapotazama hatamu hutaka kuona mguso mwepesi usiokatika, kama wa mtu aliyemshika mtoto mkono kuvuka barabara.

Basi tuone ajabu ya jambo hili. Neno *hatamu* tunalo, tena ni zuri. Asili yake ni Kiarabu, ambako lilitumika kwa kamba ya kumwongozea ngamia. Hatuhitaji kulibadilisha. Lakini maana iliyoenea ni ya nguvu, hali maana inayotakiwa chuoni ni ya wepesi. Ukilitia neno hili peke yake katika orodha ya istilahi, mkabala na neno la kigeni, umetoa jibu lililo sahihi katika karatasi na lenye hatari katika uwanja. Anayeumia kwanza ni farasi, na wa pili ni mwanafunzi atakayeangushwa.

Hii ndiyo hoja yetu dhidi ya orodha zenye safu mbili tu, neno kwa neno. Orodha za namna hiyo zimefanya kazi kubwa katika sheria, uhasibu na uongozi, ambako msomaji huishi katikati ya mambo yanayotajwa. Katika stadi za mwili, na hasa pale ambapo kitu chenyewe hakipo machoni, hazitoshi.

Kasoro za kamusi

Kamusi zetu nazo hazimsaidii sana mwalimu tuliyemtaja. Chukua neno *nyumbu*. Katika Zaburi tuliyoitaja, nyumbu ametajwa pamoja na farasi, naye ni yule mnyama aliyezaliwa na punda na farasi. Lakini kwa Mtanzania wa leo nyumbu ni yule wa Serengeti, mwenye pembe na ndevu, anayehama kwa makundi. Mwanafunzi akisoma kwamba nyumbu hutiwa lijamu atashangaa, na ana haki ya kushangaa. Neno *baghala* lipo kwa yule wa kwanza. Lifaa lipewe nafasi yake katika vitabu vya mafunzo, na *nyumbu* aachiwe mbuga.

Kasoro ya pili ni ya miendo. Tunayo maneno *telki*, *matiti* na *shoti*. Tatizo ni kwamba mara nyingi hutofautishwa kwa kasi tu: huu ni wa haraka, na huu ni wa haraka zaidi. Mwalimu wa farasi hatofautishi miendo kwa kasi. Hutofautisha kwa mapigo ya kwato. Farasi anayetembea hupiga mapigo manne. Katika matiti mapigo ni mawili, kwa sababu mguu wa mbele wa kulia hutua pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha wale wengine wawili. Katika mwendo unaofuata mapigo ni matatu, na katika mbio kamili huwa manne tena. Farasi mmoja aweza kwenda matiti ya polepole au ya kasi, na yakabaki kuwa matiti. Mwanafunzi wa Runazi, ambaye anajua ngoma, angeelewa maelezo ya mapigo mara moja. Maelezo ya kasi hayampi kitu cha kushika.

Tafsiri ya neno kwa neno

Mfasiri anayekutana na muhtasari wa chuo kwa mara ya kwanza hushawishika kufasiri kila neno lilivyo. Tutazame matokeo yake katika mifano minne.

Kwanza, jina la somo. "Upandaji farasi wa juu" humfanya msomaji amfikirie farasi mrefu. Tuseme *stadi za juu za kupanda farasi*, na sifa ibaki karibu na nomino yake.

Pili, zile ishara ambazo mpandaji humpa mnyama kwa mkao, mguu na mkono. Kiingereza na Kifaransa huziita kwa neno ambalo ofisini tunalifasiri *misaada*. Mtumishi wa serikali akisoma "misaada ya miguu" atawafikiria wahisani au walemavu. Neno *ishara* latosha, na kila mtu analielewa.

Tatu, ile hali ambayo farasi huingiza miguu ya nyuma chini ya mwili, akachukua uzito zaidi nyuma na kuwa mwepesi mbele. Neno la kigeni likifasiriwa kama lilivyo litatoa *mkusanyo*, ambalo tayari ni la sadaka na vitabu. Kitenzi chetu kinaona vizuri zaidi: paka kabla ya kuruka *hujikusanya*. Tuseme farasi amejikusanya, na hali yenyewe iitwe *kujikusanya*.

Nne, ile ishara fupi ya mkao na mkono inayomwambia farasi ajiweke sawa kabla ya jambo jipya, bila ya kusimama. Kuiita "nusu ya kusimama" ni kumfanya mwanafunzi asimamishe. Tunapendekeza *kuzindua*, kwa maana yake ya kwanza ya kumtoa mtu katika usingizi au mawazo. Tunajua kwamba ofisi zetu huzindua miradi na vitabu kila wiki, lakini mwalimu anayepaza sauti uwanjani anahitaji amri iliyo fupi, na "mzindue!" hutoka kinywani kwa urahisi. Kwa mwendo wa mapigo matatu, ambao hauna jina lililokubalika, tunapendekeza *nusushoti*, hadi hapo litakapopatikana lililo bora.

Rai yetu

Hatudai kwamba Runazi ijengewe shule ya farasi. Tunadai kwamba istilahi inayoitwa ya taifa ieleweke Runazi, kwa sababu maneno hayo yameshafika huko na yanatumika. Kwa hiyo tunatoa rai tatu kwa wafasiri, walimu na wenzetu wanaoandaa orodha.

Kabla ya kubuni neno jipya, wachunguze msamiati wa pwani, na wauchunguze kwa watu na si katika kamusi pekee. Wako bado wanaoishi na punda Lamu na Unguja, na wako wanaosema Kiswahili huko Omani, nchi inayowaenzi farasi. Pili, kila istilahi ya stadi ya mwili iambatane na sentensi moja inayoeleza kitendo: nani anafanya nini, kwa kiungo gani, na mnyama anaitikia vipi. Tatu, pale neno linapokuwa na maana ya kisiasa au ya kiofisi iliyoenea kuliko ile ya asili, sentensi hiyo iitaje tofauti waziwazi. Chini ya *hatamu*, kwa mfano, tungependa kusoma maneno haya: kigwe kilichofungwa kwenye lijamu, mpandaji hukishika kwa wepesi, na huongoza kwanza kwa mkao na miguu.

Sentensi hiyo haimnyimi mwanasiasa usemi wake. Inamrudishia mpandaji farasi neno lake, na inampa mwalimu wa Runazi njia ya kuwaeleza wanafunzi wake kwamba aliyeshika hatamu barabara hujulikana kwa jinsi mkono wake unavyotulia.